73939133 kwenye Ukuta wa Ghala la Pamba

Pacha wangu Opio,

Leo nilikwenda kijijini kwetu Mella kumkata Etyang shingo. Naanza hapo hapo kwa sababu hukupenda mtu azungukezunguke akitafuta pa kuanzia. Panga nililinunua soko la upande wa Kenya. Nilimpa fundi wa kunoa visu, nikamwambia alinoe mpaka liweze kunyoa ndevu. Akaniuliza kama ni la shamba. Nikamjibu kuna kisiki kimenisumbua muda mrefu. Nikalifunga kwenye leso, nikavuka mpaka nalo kwapani, na askari aliyekuwa zamu akanipungia mkono, maana kila siku ananiona nikipita na makaratasi ya kontena za watu. Nani atamshuku karani wa kliaringi, mtoa mizigo ya watu forodhani?

Sikukuzika. Hilo lazima ulijue kwanza. Shangazi alisema kwetu pacha hamtazami pacha mwenzake akishushwa kaburini, akitazama atamfuata. Wakanifungia jikoni, wanawake wawili wakanikalia, mmoja kifuani, mwingine miguuni. Nilimng'ata yule wa kifuani hadi nikaonja damu yake. Nilisikia udongo ukikuangukia, Opio, koleo baada ya koleo, nyuma ya ukuta wa matope ambao ningeweza kuubomoa kwa teke moja kama wasingekuwa wamenikalia. Nikaambiwa kaburi nitaliona siku ya kulijengea kwa saruji. Siku hiyo ilikuwa leo, na mimi nikaisubiri kwa sababu nilijua Etyang atakuwepo.

Sasa acha nipange mambo, maana ulikuwa katikati ya fimbo na sidhani ulipata nafasi ya kuyaelewa.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa kwenye uzio wa kituo cha malori Busia, tukimsubiri Baba ashuke kwenye lori lake? Hatukuwa na mpira. Tulikuwa na namba zilizoandikwa ubavuni mwa kontena. Wewe ulisoma moja kwa sauti, mimi nikatafuta kitu cha kuigawanya. Ukijumlisha tarakimu na jumla ikagawanyika kwa tatu, basi na namba yenyewe inagawanyika kwa tatu. Hiyo nilikuwa na uwezo wa kuifanya kabla hujafumba mdomo. Halafu dereva mmoja wa Tanzania akaacha kitabu cha shule kwenye lori la Baba, na humo ukakuta zile zisizogawanyika kwa chochote isipokuwa moja na zenyewe zinaitwa namba tasa. Ulitembea na jina hilo mdomoni juma zima kama mtu aliyepewa pipi.

Na unakumbuka 91. Niliapa kwa jina la Mama kwamba 91 ni tasa. Inaonekana tasa. Haina sura ya kitu kinachogawanyika. Ukanicheka, ukasema saba mara kumi na tatu, ukarudia tena polepole kana kwamba unaongea na ng'ombe, saba, mara, kumi na tatu. Nikaokota kokoto la barabarani nikakupasua juu ya jicho. Damu ilikujaa usoni na bado ulikuwa unacheka. Kovu lile lilibaki, jembamba, limelala juu ya nyusi. Mama anasema walipomwita kukutambua, uso ulikuwa hauna mahali pa kushika. Alikutambua kwa kovu langu.

Tulipokuwa wakubwa, mimi nikabaki Busia na kontena zangu, wewe ukarudi Mella kufundisha hesabu shule ya msingi. Siku moja ukanipigia simu ukihema. Umekutana na namba. Ulisema hivyo, umekutana nayo, kama mtu aliyekutana na msichana. Milioni sabini na tatu, laki tisa, thelathini na tisa elfu, mia moja thelathini na tatu. Ukanisomea tarakimu zake moja moja nami nikaziandika mgongoni mwa mkono: 73939133.

Haigawanyiki, ukasema. Sasa ikate mkia. Nikakata ile tatu ya mwisho, ikabaki 7393913. Nayo haigawanyiki. Kata tena. 739391. Haigawanyiki. Kata, kata, 73939, 7393, 739, 73, mpaka ibaki saba peke yake, na kila kipande kinachobaki kinasimama, ni tasa vilevile. Unaweza kuichinja hivyo mpaka tarakimu ya mwisho na hakuna mahali itakapokubali kugawanywa. Na hakuna iliyo kubwa kuliko hiyo yenye tabia hii, kwa namna hii tunayoandika namba. Ukijaribu kuirefusha, uibandike tarakimu yoyote mwishoni, moja hadi tisa au sifuri, inapata kitu cha kuigawanya mara moja. Inakubali kukatwa. Haikubali kuongezwa.

Nikakuuliza, na ukikata kichwani je? Nikasikia kalamu yako inakwaruza. Halafu ukasema hapana, upande huo haiwezi. Ukiendelea kukata kutoka kichwani utafika 133, na hiyo ni saba mara kumi na tisa. Kichwani inavunjika.

Hukukubali kuambiwa na simu kwamba ni tasa. Ulisema simu inajua, wewe hujui. Basi tukaigawanya kwa mkono, mwezi baada ya mwezi, wewe na namba tasa zako, mimi na zangu, zaidi ya elfu moja kwa jumla. Hakuna haja ya kujaribu zote hadi mwisho. Unaishia pale ambapo namba ikizidishwa kwa yenyewe inaipita ile kubwa. Na ukomo wetu ulikuwa kidogo baada ya 8598. Wewe ndiye uliyegundua. Pale pale kwenye ukomo wamekaa namba tasa mbili, 8597 na 8599, pacha, kwa kuwa namba tasa zinazopishana kwa mbili tu ndivyo zinavyoitwa. Na ukomo unapita kati yao. 8597 ukiizidisha kwa yenyewe bado hujaifikia ile kubwa, kwa hiyo lazima iingie ijaribiwe. 8599 inaipita, haina kazi, inakaa nje. Ulicheka kwenye simu hadi ukakohoa. Ukasema, ni sisi hao, Adongo, mpaka umepita katikati yetu, wa kwanza kuzaliwa anaingia, wa pili anabaki. Ukaniachia mimi niigawanye kwa hiyo 8597. Nilipiga hesabu juu ya meza ya ofisi huku madereva wakinigombeza, ikabaki 4933. Nikakupigia. Ukapiga ukelele kule Mella mpaka nikaweka simu mbali na sikio.

Nisingeandika haya yote, unayajua. Naandika kwa sababu leo nilijikuta nikiyaeleza kwa watu waliokuua, na nilipomaliza nilihisi nimewapa kitu chako bila ruhusa.

Ikaja ile misimu ya mapanga. Watu wasiojulikana wakawa wanaingia vijijini na kukata watu milangoni mwao. Shule ikafungwa. Kila kijiji kikaweka walinzi wake, na Mella mkubwa wa walinzi akawa Etyang, mfyatua matofali, yule yule tuliyekuwa tunaiba naye miwa. Kwenye vyungu vya pombe ya malwa, wanaume wakiwa wameshika mirija, ikaanza kusemwa kwamba wauaji huacha alama kwanza. Chaki ukutani. Hakuna aliyeiona, lakini kila mmoja alimjua aliyeiona.

Na wewe, Opio, mjinga wangu, ukachukua chaki.

Shule imefungwa, ukasema, hesabu haijafungwa. Ukaenda kwenye ghala la pamba lililokufa zamani, pale njia panda, ukaandika ukutani 73939133, tarakimu kubwa kama ndoo. Uliwaambia wanafunzi kabla hawajaachana kwamba kila asubuhi utakata moja, nao watafute kama kilichobaki kinagawanyika. Ndivyo ulivyofanya. Kila alfajiri ulikwenda na kitambaa cha maji ukafuta tarakimu ya mwisho. Ila wanafunzi wako hawakupita pale hata mmoja. Wazazi walikuwa wamewafungia ndani kwa hofu ya mapanga. Waliopita ni wazazi. Waliona namba kubwa isiyo na maneno, na kila kukicha imepungua, mkono usiojulikana umeikata. Wakajua kinachohesabiwa ni siku zao. Ikifika mwisho, watakuja.

Nimekasirika nao hadi mifupa inauma, na bado nikisimama pale walipokuwa wamesimama naona walichokiona. Hilo ndilo silisamehi, kwamba naliona.

Mama mmoja anayeuza chai mbele ya ghala ndiye aliyenieleza. Ilikuwa 739, ukafuta tisa, ikabaki 73. Walikuwa wamejificha nyuma. Etyang alitoka wa kwanza na mpini wa jembe, akakupiga goti, ukaanguka na kitambaa chako. Wakaja na fimbo za ng'ombe, na mnyororo wa baiskeli, na matofali. Kofia ya sweta yako ilipotoka kichwani, wakakutambua. Ndiyo, walikutambua. Anasema zile fimbo zilishuka, hata jogoo akasikika. Halafu mtu mmoja akasema, "Kumbe mwalimu ndiye mkubwa wao." Basi wakaanza upya, kwa nguvu zaidi ya mwanzo, kwa sababu sasa waliona wamesalitiwa. Na walikuanzia kichwani.

Hukuomba. Mama wa chai anasema ulikuwa unaongea mambo ya namba. Mdomo umejaa damu na unawaelekeza ukutani kwa kidole. "Haigawanyiki," ulikuwa unasema. "Jaribuni wenyewe, haigawanyiki." Unawafundisha! Walikuwa wanakuvunja meno na wewe unafundisha. Ningekuwa pale ningekupiga mimi kofi, nikuambie piga kelele, sema jina la Mama, sema jina la Yesu, sema chochote ambacho mtu mwenye fimbo anakielewa.

Polisi walikuja kutoka Tororo, wakabeba watu kadhaa, wakawarudisha. Umati mzima, na hakuna aliyeona kitu.

Tangu hapo sikai vizuri na watu. Ofisini nilimpiga dereva kichwani na ile mashine ya kubana karatasi kwa sababu alisema labda mwalimu naye alikuwa na mambo yake. Nilivunja kioo cha dirisha kwa kiwiko. Kila kontena inayopita mbele yangu naigawanya, siwezi kuacha, na nikikuta isiyogawanyika natoka nje nikatapike. Bosi ananivumilia kwa kuwa nawahi kazini.

Halafu Mama akapokea matofali. Etyang alimletea mkokoteni baada ya mkokoteni, matofali mekundu ya tanuru lake, ya kujengea kaburi lako, na Mama akayapokea. Nilimpigia simu nikamfokea kama mtoto mdogo. Akanijibu kwa sauti ile yake isiyopanda, "Tofali halijaua mtu." Nikamwambia limeua, Mama, moja lilikuwa la tanuru hilo hilo. Akakata simu. Ndiyo maana nikaenda kununua panga.

Nilifika Mella saa za mchana. Mawingu yalikuwa yamefuta Mwamba wa Tororo kabisa. Fundi alikuwa ameshachanganya saruji, jamaa wamekaa, chungu cha malwa kiko chini ya paa la jikoni lile nililofungiwa. Kaburi lako niliona ni fupi. Nilidhani utakuwa na kaburi refu. Etyang alikuwa kifua wazi, anabeba matofali, na wale wengine wa siku ile ya fimbo, nawajua wote kwa nyuso, walikuwa wanapokezana naye.

Nikafungua leso.

Mjomba alinishika, nikakata mkono wa shati lake, na kidogo ngozi. Hakuna aliyenishika tena. Etyang aliliona panga, akaweka matofali chini vizuri, moja juu ya jingine, akapiga magoti mbele ya kaburi na kuinamisha shingo. "Kata," akasema. "Mimi nachoka kungojea wewe." Nikainua. Opio, niliinua kweli, mikono yote miwili, nilikuwa nimeshaiona damu kwenye saruji. Mama hakusema niache. Alikuwa ananitazama tu.

Ndipo Etyang akauliza, bado ameinama, "Lakini Adongo, ile namba ilikuwa ya nini?"

Yaani hajui. Amekuua, amekuzika, amefyatua matofali ya kaburi lako, na hajui. Nikimkata sasa atakufa akiamini ulikuwa unahesabu vichwa. Hasira mpya ikanipanda, mbaya kuliko ile ya kwanza.

Nikamwambia hesabu matofali sabini na tatu. Akainua uso. Hesabu, nikasema. Akahesabu, akayaweka uani. Kisha nikamwambia hivi, na kila mtu alisikia: yapange mistari iliyo sawa. Si mstari mmoja wa yote, wala si moja moja. Ukiweza, unakwenda nyumbani kwako na sitakugusa maisha yangu yote. Ukishindwa, nakukata hapa hapa.

Niliona matumaini yanaingia usoni mwake. Mtu aliyepanga matofali tangu ujana, ataogopa kupanga sabini na tatu? Nilifurahi kuona matumaini yale, kwa sababu nilijua na yeye hajui. Wewe ungenichukia dakika ile. Sijali.

Alianza na mbilimbili, haraka haraka. Likabaki moja. Tatutatu, likabaki moja. Nne, likabaki moja. Jasho likaanza. Tano, yakabaki matatu. Sita, moja tena. Alipofika saba na kubakiwa na matatu, mmoja wa wale wanaume akashindwa kuvumilia, akaja akapiga magoti naye. "Weka nane nane," akasema. Wakaweka nane nane, mistari tisa mizuri kabisa, na tofali moja mkononi. Wakaja wengine. Wakageuza, tisa tisa, mistari minane, na tofali moja mkononi. Walikuwa wanabishana sasa, wanasukumana, mikono yote iliyokuua imejaa vumbi jekundu, wanabeba, wanapanga, wanabomoa, wanapanga. Kumi kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili, likabaki lile moja, na nadhani hata tofali lenyewe lilikuwa lile lile, lenye pembe iliyovunjika. Niliwazunguka na panga nikiwaambia endeleeni.

Mmoja akalipiga teke lile tofali. "Toa hii moja, mambo iishe," akasema. Nikamrukia. Aliruka nyuma, panga likapita kifuani pake likakata mgomba wa Mama ukaanguka mzima. Rudisha, nikamwambia. Akalirudisha kwa mikono miwili, kama yai.

Sijui walipanga kwa muda gani. Mwishoni walikuwa wamekaa chini, wanahema, na yale matofali yamesambaa kama nyumba iliyobomoka. Mama wa chai alikuwa amekuja kusaidia kupika. Alikuwa amesimama na kijiko cha ugali, anatazama. Akasema polepole, kama anajisemea, "Lakini hii kitu haigawanyiki."

Halafu akaziba mdomo.

Wote walilisikia neno hilo kinywani mwako asubuhi ile. Nililiona likiwafikia, mmoja mmoja. Yule wa teke alisimama akaenda nyuma ya nyumba, tukamsikia akitapika. Etyang alibaki ameshika lile tofali la pembe iliyovunjika. "Ni hii alikuwa nasema," akasema. "Ni hii tu?" Nikamwambia ni hiyo tu. Nikamweleza basi, yote, namba nzima na mkia wake, shule iliyofungwa, chaki, watoto ambao hawakupita. Nilimweleza kwa ukali, kila neno nililichagua liumize. Ulikuwa unafundisha mtoto wake. Hilo nililihifadhi liwe la mwisho.

Hakulia. Aliinua lile tofali akajipiga nalo usoni. Nilisikia mfupa. Akainua tena akajipiga, na damu ikaruka hadi kwenye saruji mbichi ya kaburi, na watu wamekaa tu wanatazama, kama walivyotazama siku ile. Basi mimi, Opio, mimi niliyevuka mpaka na panga, nikalitupa panga na kumrukia. Tulipigania lile tofali chini kama mbwa. Nilimng'ata bega. Aliliangusha juu ya mkono wangu na kidole cha kati kikavunjika, ndiyo maana mwandiko huu umekwenda hivi. Nikamkalia kifuani hadi akaacha kupigana.

Usidhani nimemsamehe. Sikumzuia kwa huruma. Nilimzuia kwa sababu alikuwa ndiye mtu wa kwanza Mella aliyeielewa namba yako, na nilikuwa nimechoka kuwa nayo peke yangu. Nataka aamke kesho na aijue. Kila atakapopanga tanuru lake, aijue.

Fundi alitaka kulainisha saruji, damu ifutike. Nilimwambia aiache. Nikachukua msumari kwa mkono wa kushoto, nikaandika tarakimu nane, na chini yake saba, na chini yake sita, nikikata mkia kila mstari, na nilipofika 73 Mama alikuja akapiga magoti kando yangu, akashika msumari pamoja nami, tukaandika ile saba ya mwisho kwa mikono miwili. Mama hajui kusoma namba kubwa. Aliuliza kama hilo ndilo jina lako la shule. Nikamwambia ndiyo.

Chini kabisa, mahali ambapo majani yataota na kufunika, nimeandika 8597. Hilo ni letu.

Shule imefunguliwa lakini ukuta wa ghala hakuna anayeugusa. Hata mbuzi wanafukuzwa pale. Sasa nakuahidi, na unajua mimi nikiapa nalipa hata kwa kokoto. Kila Jumamosi nitapanda kutoka Busia, nitasimama kwenye ukuta huo mchana kweupe na chaki, na panga nitaliegemeza pembeni ambapo kila mtu ataliona. Etyang nimemwambia amlete mtoto wake, na akae naye. Nitaanza na 91. Nitawaacha waape ni tasa, wapigane, wapasuane nyusi kidogo kama ni lazima, halafu nitawaambia polepole, saba, mara, kumi na tatu.

Pumzika, mkubwa wangu wa dakika chache. Nimelitazama kaburi lako mchana wote na sijaanguka, kwa hiyo shangazi alikosea. Sikufuati. Ukomo umepita palepale uliposema umepita, wewe umeingia, mimi nimebaki nje, na huku nje kuna kazi.

Wako,
Adongo, 8599